Akbar wa India na swali la kuheshimu imani ya mwenzako

Ukikaa vimbwetani jioni, hoja hii haichelewi kuja. Mmoja atasema kila imani iheshimiwe, basi, yameisha. Mwingine atauliza: hata ile ninayoiona ni uongo mtupu? Wa tatu atanyamaza, maana anajua akifungua mdomo rumeti wake atanuna mpaka mwisho wa muhula. Na kuna wanaokwenda mbali zaidi. Wanasema ingekuwa nafuu tukipangwa vyumba kwa dini, kila mtu akae na wa kwake, adhana isimkere huyu na mapambio yasimkere yule.

Wanachuo wenzangu, kabla hatujafika huko, tumtazame mtu mmoja aliyelibeba swali hili karibu miaka 50, tena akiwa na uwezo wa kumuua yeyote asiyekubaliana naye. Ni Jalaluddin Muhammad Akbar, mfalme wa tatu wa himaya ya Mughal, aliyetawala India kuanzia 1556 hadi 1605. Wengi wetu tunamjua kutoka filamu za Kihindi, au zile hadithi za Akbar na mshauri wake mcheshi Birbal. Maisha yake yenyewe yana mafunzo kuliko hadithi, kwa sababu ndani yake kuna mazuri na kuna aibu.

Mtoto wa Kiislamu katika ngome ya Wahindu

Akbar alizaliwa Oktoba 1542 huko Umarkot, Sindh, sehemu ambayo leo ni Pakistani. Baba yake, Humayun, alikuwa mfalme aliyepinduliwa na anakimbia jangwani na mke mjamzito. Aliyewapokea na kuwapa hifadhi alikuwa mtawala wa Kirajputi, mtu wa dini ya Kihindu. Kwa hiyo mtoto wa Kiislamu, mrithi wa kiti, alivuta pumzi ya kwanza chini ya paa la mtu ambaye wengi wa upande wake wangemwita kafiri. Baba alikuwa Suni, mama yake, Hamida Banu, alitoka katika ukoo wa Kiajemi wenye Mashia, na Bairam Khan aliyemlea kisiasa alikuwa Shia. Akbar alipotawazwa, Februari 1556, alikuwa na miaka 13 tu.

Mmoja wa walimu wake aliitwa Abdul Latif, mwenyeji wa Qazvin huko Uajemi. Inasimuliwa kwamba Uajemi, kwenye Mashia wengi, mwalimu huyu alishukiwa kuwa Suni, na alipofika India kwenye Masuni wengi akashukiwa kuwa Shia. Huyu ndo aliyemwonjesha mtoto wazo lililokuja kuitwa kwa Kiajemi sulh-i kul. Mswahili hapa hahitaji kamusi. Ni sulhu, neno lile lile letu, na kul ni wote. Sulhu kwa wote.

Kitu kimoja Akbar hakukipata kwa mwalimu yeyote: kusoma. Mfalme huyu hakujua kusoma wala kuandika mpaka anakufa. Alisomewa vitabu kwa sauti, siku baada ya siku, na akavipenda kiasi kwamba maktaba yake ilihesabiwa kuwa na vitabu kama 24,000. Labda ndiyo maana alikuwa msikilizaji. Asiyeweza kujifungia na kitabu lazima amsikilize mtu.

Sheria nzuri, mikono yenye damu

Mwaka 1562 Akbar, akiwa na miaka 19, alimwoa binti wa Raja Bharmal wa Amber, familia ya Kihindu. Ndoa za namna hiyo zilikuwa za siasa, tusidanganyane. Lakini alimwacha mke aendelee na ibada zake humo humo katika jumba la mfalme, na ndugu zake wakapewa vyeo vikubwa bila kuulizwa dini. Mwaka uliofuata akafuta kodi waliyotozwa mahujaji wa Kihindu katika sehemu zao takatifu. Mwaka 1564, kwa mujibu wa mwandishi wake Abul Fazl, akafuta jizya, kodi iliyotozwa wasio Waislamu kwa sababu tu si Waislamu.

Ukiishia hapo utasema huyu alizaliwa malaika. Sasa geuza ukurasa. Oktoba 1567 Akbar aliizingira Chittor, ngome ya Warajputi waliokataa kumtii. Ilipoanguka Februari 1568, wanawake wa ngomeni walikuwa wamejichoma moto wasiingie mikononi mwa adui, na mfalme akaamuru raia waliobaki wauawe. Hesabu inayotajwa ni watu kama 30,000. Kisha likatolewa tangazo la ushindi lililojaa majivuno ya dini, kwamba Uislamu umeushinda ukafiri.

Huyu ni mtu yule yule aliyefuta jizya miaka minne kabla. Hapa ndipo pa kujifunza jambo la kwanza. Kuruhusu imani ya mwenzako wakati amekutii si kazi ngumu. Swali linakuwa gumu pale mwenye imani hiyo anaposimama mbele yako na kukataa. Akbar wa 1568 hakulijibu vizuri swali hilo.

Nyumba ya Ibada

Mwaka 1571 alianza kujenga mji mpya, Fatehpur Sikri, karibu na Agra, mahali alipoishi Sheikh Salim Chishti, walii aliyemwombea apate mtoto. Humo, mwaka 1575, akajenga ukumbi ulioitwa Ibadat Khana. Tena neno letu: nyumba ya ibada. Lakini ibada iliyofanyika humo ilikuwa mjadala. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa mfalme alikaa na maulamaa kuwauliza maswali ya dini, mara nyingine mpaka alfajiri.

Mwanzoni walialikwa Waislamu tu. Akbar alikuwa muumini mzuri na alitegemea wenye elimu wamwongoze. Alichokipata kilimshangaza. Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa nani akae wapi. Masheikh wakubwa waligombea viti vya mbele mpaka mfalme akalazimika kuwagawia pande nne za ukumbi, kila kundi na upande wake. Mjadala ulipoanza, mmoja akasema jambo ni haramu, mwenzake akasema ni halali, sauti zikapanda, wakaitana wapumbavu na wazushi. Mmoja wao, aliyekuwa na cheo cha juu kabisa, ikafichuka kwamba alikuwa anakwepa zaka kwa kumhamishia mkewe mali kabla mwaka haujatimia, kisha mke anamrudishia.

Mtu mwingine angefunga ukumbi. Akbar akafungua mlango zaidi. Wakaingia Mashia, mabrahmin wa Kihindu, Waparsi waabuduo mbele ya moto, ambao karne nyingi baadaye baadhi yao walifika mpaka Zanzibar, na hata watu wasiokubali dini yoyote. Akapeleka barua Goa, makao ya Wareno, akiomba waje mapadre wenye elimu. Februari 1580 wakafika Wajesuiti watatu wakiongozwa na Rodolfo Acquaviva. Walimletea Biblia iliyochapwa kwa lugha kadhaa, juzuu kubwa kubwa, naye akazipokea kwa heshima, akizibusu na kuziweka kichwani.

Sasa angalia kilichotokea. Mapadre walidhani heshima ile ni dalili ya kubatizwa. Waliisema dini ya Kiislamu kwa ukali sana ndani ya jumba la mfalme wa Kiislamu, na hakuna aliyewagusa. Mfalme aliwasikiliza, akawauliza juu ya Utatu na juu ya Mungu kuzaliwa na mwanamke, majibu hayakumtosha, akabaki kuwa alivyo. Acquaviva aliondoka 1583 akiwa amekata tamaa. Kwake yeye, asiyekubali alikuwa amepoteza muda wake. Kwa Akbar, kusikiliza na kukubali ni vitu viwili, na unaweza kukipa kimoja bila kingine.

Baada ya hapo akaja Hiravijaya Suri, kiongozi wa Wajaini, aliyetembea kwa miguu kutoka Gujarat kwa sababu dini yake haimruhusu kupanda mnyama. Akbar, mwindaji aliyependa nyama, alimsikiliza mpaka akapunguza nyama, akafungulia ndege waliokuwa kwenye vizimba, na akapiga marufuku uchinjaji katika siku fulani za mwaka. Hakuwa Mjaini. Ila alikubali kwamba mtu wa imani nyingine anaweza kuwa na jambo la kweli ambalo wewe hukuliona.

Mtu mmoja auawa Mathura

Wakati mijadala ikiendelea, lilitokea jambo lililoonyesha kwamba haya si maneno ya ukumbini tu. Katika mji wa Mathura, Waislamu walikusanya vifaa vya kujenga msikiti. Brahmin mmoja tajiri akavichukua akajengea hekalu, na alipozuiwa akamtukana Mtume mbele ya mashahidi. Akaletwa mbele ya Sheikh Abdun Nabi, mkuu wa mambo ya dini wa dola nzima.

Maulamaa wakagawanyika. Wengine walitaka auawe. Wengine walisema atozwe faini na kuaibishwa hadharani. Wakakumbusha kwamba katika madhehebu ya Hanafi, yaliyofuatwa pale, asiye Mwislamu anayeishi chini ya ulinzi hauawi kwa kosa hilo. Wanawake wa jumba la mfalme waliomba asamehewe. Akbar mwenyewe hakutoa jibu lililonyooka, alimwachia sheikh. Na sheikh akaamuru mtu yule auawe.

Akbar alikasirika sana, lakini hasira haimfufui mtu. Angeweza kusema hapana na hakusema. Mwaka 1579 maulamaa wakubwa walitia saini hati, iliyoandaliwa na Sheikh Mubarak, baba yake Abul Fazl, iliyompa mfalme haki ya kuchagua pale wanazuoni wanapotofautiana. Abdun Nabi na yule mkwepa zaka wakapelekwa Makka.

Tunajifunza la pili. Brahmin yule alikosea, hakuna ubishi. Alichukua mali ya watu na akatukana kilicho kitukufu kwao. Mali ingeweza kurudishwa na matusi yangeweza kuadhibiwa. Ila imani haivuji damu ukiitukana. Mtu ndiye anayevuja. Ukianza kuiheshimu imani kuliko mtu, utafika mahali unamuua mtu kwa ajili ya heshima.

Kumheshimu mtu, kukataa jambo lake

Kuna wanaodhani sulhu kwa wote maana yake ni kila kitu ruksa. Akbar hakuielewa hivyo. Wakati ule baadhi ya Wahindu walikuwa na desturi ya mjane kuchomwa moto pamoja na maiti ya mumewe. Mwaka 1583 afisa mmoja wa mfalme alifariki safarini, na mjane wake hakutaka kufa. Mtoto wake mwenyewe na jamaa wakawa wanamlazimisha aingie motoni. Habari ikamfikia Akbar alfajiri. Alipanda farasi wake mbio, hakuwasubiri hata walinzi, akaenda kumtoa. Akaweka amri kwamba hakuna mjane atakayechomwa kwa kulazimishwa. Aliweka pia umri wa kuoa, 16 kwa mvulana na 14 kwa msichana, na mapema, mwaka 1562, alikuwa amekataza askari kuwafanya watumwa wake na watoto wa maadui walioshindwa.

Hao hao Wahindu aliowafutia jizya ndio aliowakatalia hili. Hakuona mgongano na mimi siuoni. Mpaka wake ulikuwa mwili wa mtu asiyekubali. Unaamini unachoamini, unaabudu unavyoabudu, lakini imani yako haikupi ruhusa ya kumsukuma mwingine motoni.

Alipokosea tena

Tusimpambe mno. Hati ya 1579 na mambo mengine vilizua uasi Bengal na Bihar mwaka 1580, na kadhi mmoja wa Jaunpur akatoa fatwa kwamba ni halali kumpinga mfalme. Aliitwa mbele ya mfalme, na njiani akazama mtoni. Abdul Qadir Badauni, mwandishi wa wakati ule, alisema wazi kwamba ilikuwa amri.

Badauni huyu ni wa kumkumbuka. Alikuwa mwanazuoni Suni mwenye msimamo, ameajiriwa na Akbar. Mfalme alitaka Wahindu na Waislamu wasomane, hivyo akaamuru Mahabharata na Ramayana vitafsiriwe kwa Kiajemi. Nani apewe kazi? Badauni, aliyeviona vitabu hivyo ni kufuru tupu! Alitafsiri huku roho inamuuma, na usiku akaandika kwa siri historia yake mwenyewe akimlaumu mfalme kila ukurasa. Haikutoka hadharani mpaka Akbar alipokufa.

Lawama zake nyingine zina haki. Anasema watu waliomzunguka mfalme miaka ya mwisho waliukejeli Uislamu kujipendekeza kwa mkubwa. Kama ni kweli, basi ukumbi ulikuwa umepinduka tu, waliokuwa juu wakashuka, waliokuwa chini wakapanda na wakaanza kucheka. Mwenye nguvu akiicheka imani ya asiye na nguvu, huo si mjadala tena, ni uonevu.

Mwaka 1582 Akbar alianzisha kundi la watu wake wa karibu, lililokuja kuitwa Din-i Ilahi, lenye mchanganyiko wa mambo aliyoyapenda kutoka dini mbalimbali. Wanaotajwa kwa majina kuwa waliingia hawazidi ishirini. Jemadari wake mkubwa, Raja Man Singh, Mhindu, alikaribishwa akakataa, na hakupoteza cheo. Linganisha na mwaka 1568. Chittor aliyekataa aliuawa. Man Singh alikataa akaendelea kuongoza majeshi. Na mwaka 1593 ikatoka amri kwamba Mhindu aliyesilimishwa kwa nguvu ana ruhusa kurudi kwenye dini yake, na kila mtu ajenge nyumba yake ya ibada bila kubughudhiwa.

Kwa kulinganisha, 1593 ndio mwaka Wareno, waliokuwa wakitawaliwa kutoka Goa ile ile, walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa na kuielekezea bahari mizinga. Na mwaka 1600, kule Roma, Giordano Bruno alichomwa moto akiwa hai kwa mawazo yake. Dunia ya Akbar ilikuwa hiyo.

Alifariki Oktoba 1605 akazikwa Sikandra, karibu na Agra. Kitukuu chake, Aurangzeb, aliirudisha jizya mwaka 1679. Kilichojengwa kwa amri ya mfalme mmoja kilifutwa kwa amri ya mfalme mwingine.

Turudi vimbwetani

Sasa, tuheshimu imani zinazopingana na zetu? Maisha ya Akbar yananifanya niligawe swali. Imani yenyewe sidaiwi kuiheshimu kwa kuwa tu kuna mtu anaiamini. Naweza kuiona si kweli, na naweza kusema hivyo. Mwenye imani ndiye ninayemdai na anayenidai: kiti, sikio, na uhakika kwamba akimaliza kusema hapana ataamka kesho salama na nafasi yake iko pale pale. Yule anayenyamaza vimbwetani kwa kuogopa rumeti wake kununa hajamheshimu rumeti. Amemkadiria kuwa mtu asiyeweza kuulizwa swali.

Na lile la vyumba kwa dini, mimi nalipinga. Akbar alilazimika kujenga ukumbi mzima na kutuma barua mpaka Goa ili akae usiku mmoja na mtu asiyefikiri kama yeye. Sisi tunapewa mtu huyo bure, kitanda cha juu, kwa miaka mitatu. Kweli atakukera. Adhana ya simu yake italia umelala, au ataimba pambio unasomea mtihani. Mwambie apunguze sauti, na wewe akikuambia upunguze. Halafu muulize anaamini nini na kwa nini, na ujiandae kuulizwa.

Sulhu ya Akbar ilikufa kwa sababu ilikuwa mali ya ikulu. Sisi hatuna mfalme wa kutuwekea amri, wala hatumhitaji. Lakini maana yake ni kwamba tukishindwa kukaa wawili chumbani, hakuna wa kumlaumu juu yetu.